Maria Callas Jukwaani: Picha, Sauti na Neno

1.0 Utangulizi

Mwaka 1974 kilichapishwa New York kitabu kikubwa cha picha kilichohusu maisha ya jukwaani ya mwimbaji wa opera Maria Callas. Waandishi wake ni John Ardoin na Gerald Fitzgerald. Kitabu kilitoka Callas mwenyewe angali hai, katika mwaka uleule alioimba mbele ya hadhira kwa mara ya mwisho, na vitabu vingi vya aina hiyo vimekifuata tangu wakati huo. Msomaji hufunua ukurasa baada ya ukurasa akamwona Norma, Medea, Violetta, Anna Bolena na Tosca. Huiona mikono, macho, maleba na mapazia. Asichokipata ni kile kilichowafanya watu wakeshe kwenye foleni za tiketi, yaani sauti.

Upungufu huo si wa kitabu hicho peke yake, wala si haki kuwalaumu waandishi wake. Callas aliimba kabla majumba ya opera hayajazoea kuchukua filamu za maonyesho yao, na hakuna opera hata moja aliyoiimba jukwaani iliyohifadhiwa katika filamu tangu mwanzo hadi mwisho. Kilichopo ni tendo la pili la Tosca, lililoonyeshwa kwa ukamilifu katika televisheni kutoka Paris mwaka 1958 na kutoka London mwaka 1964, pamoja na matamasha kadhaa na vipande vifupi vifupi. Kwa hiyo mtafiti ana santuri na kanda za sauti mkono mmoja, na picha mgando mkono wa pili. Wenzetu wanaokusanya fasihi simulizi wanaifahamu taabu hii vizuri: matini imo daftarini, uso wa msimulizi umo katika picha, lakini tukio lenyewe limekwisha kupita.

Makala hii inasimulia maisha ya Callas kwa kuangalia pale ambapo vyanzo hivyo viwili vinakinzana. Rai yetu ni kwamba vitabu vya picha, pamoja na uzuri wake wote, vimeyavuta macho ya wasomaji kwenye miaka ya wembamba wake na kuwafanya waamini kwamba uigizaji wake ulizaliwa na mwili ule mpya. Sauti zilizohifadhiwa zinaeleza vingine. Uigizaji ule ulianzia katika neno, tena ulikuwa umekwisha komaa kabla wapiga picha hawajaanza kumwandama. Mwandishi wa makala hii ni mwanaisimu wala si mwanamuziki, na yafuatayo ni matokeo ya usikilizaji wa mwanaisimu.

2.0 Athens

Callas alizaliwa New York mwezi Desemba 1923, miezi michache tu baada ya wazazi wake kuhama kutoka Ugiriki. Jina la ukoo lilikuwa Kalogeropoulos, na baba yake, aliyekuwa mfamasia, alilifupisha ili liwe jepesi kwa ndimi za Wamarekani. Familia ilikuwa imetoka kumzika mtoto wa kiume, na inasimuliwa kwamba mama alikuwa akitazamia kupata mwingine wa kiume badala yake. Mwaka 1937 ndoa ya wazazi ilipolegea, mama alirudi Athens pamoja na binti zake wawili. Maria alikuwa na umri wa miaka 13.

Huko alifundishwa kwanza na Maria Trivella, kisha na Elvira de Hidalgo, Mhispania aliyekuwa mwimbaji mashuhuri wa sauti nyepesi ya juu. Waliomwona katika siku zile wanakubaliana juu ya jambo moja: alikuwa akifika chuoni asubuhi na kuondoka jioni, akisikiliza masomo ya wanafunzi wote, hata yale yasiyohusu sauti yake. Alikuwa haoni mbali. Bila miwani hakuweza kumtambua sawasawa kiongozi wa okestra, na miwani haivaliwi jukwaani. Kwa hiyo ilimlazimu kuuhifadhi muziki wote kichwani, sehemu yake na za wenzake, na kuhesabu hatua za jukwaa kabla pazia halijafunguliwa. Wengi wameieleza kasoro hii kama ajali ndogo ya maisha. Kwa maoni yetu ilikuwa shule nzima, kwani mwimbaji asiyeona ishara hana budi kuishi kwa masikio.

Kisha ikaja vita. Ugiriki ilivamiwa na Italia mwaka 1940 na kutwaliwa na Ujerumani mwaka 1941, na majira ya baridi ya 1941–1942 njaa iliua watu wengi Athens. Ni katika hali hiyo Callas alipoanza kazi rasmi, mapema mwaka 1941, katika Boccaccio, mchezo mwepesi wa Suppé. Mwaka 1942 aliimba Tosca, na mwaka 1944 akaimba Tiefland na Fidelio, hii ya mwisho katika ukumbi wa kale wa Herodes Atticus chini ya Acropolis. Waandishi wengi huipita miaka hii haraka kwa kuwa haikuacha kanda za sauti, na picha zake ni chache. Hata hivyo kuna jambo ambalo mwanaisimu hawezi kulipita. Opera hizo, ingawa zilitungwa kwa Kiitaliano au Kijerumani, ziliimbwa kwa Kigiriki, lugha ya nyumbani kwake na lugha ya waliomsikiliza. Mwimbaji kijana wa Kimarekani wa wakati huo aghalabu alijifunza sauti za maneno ya kigeni kabla ya kuijua maana yake. Callas alianza kinyume chake, maana ikitangulia.

3.0 Italia, 1947–1953

Baada ya vita alirudi Marekani mwaka 1945, akakaa karibu miaka miwili bila kazi ya maana. Mlango ulifunguka Verona. Mwezi Agosti 1947 aliimba La Gioconda katika uwanja wa Kirumi wa mji huo, okestra ikiongozwa na Tullio Serafin. Katika safari hiyohiyo alikutana na Giovanni Battista Meneghini, mwenye viwanda aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka 25, ambaye alifunga naye ndoa mwaka 1949 na ambaye alisimamia kazi zake kwa miaka kumi.

Kati ya wawili hao, Serafin ndiye anayetuhusu zaidi. Alikuwa mzee wa karibu miaka 70, aliyefanya kazi na waimbaji wakubwa wa vizazi viwili. Alimfundisha Callas kwamba katika resitativo, yaani sehemu zile ambazo maneno husemwa kwa noti za muziki kabla ya wimbo wenyewe kuanza, mwimbaji asitafute mwendo katika noti bali katika usemi. Ayatamke maneno peke yake chumbani, kama mtu anayesema na mtu, hadi ajue wapi usemi unaharakisha na wapi unasita. Noti zitafuata. Kwa istilahi zetu, ni kuanza na kiimbo, shadda na vituo vya sentensi, ndipo muziki uje juu yake. Kwa msikilizaji wa leo agizo hilo laweza kuonekana la kawaida. Katika Italia ya 1947 halikuwa la kawaida, kwani waimbaji wengi waliziona sehemu hizo kama daraja la kuvukia kwenda kwenye wimbo unaopigiwa makofi.

Mwezi Januari 1949 mjini Venice ulitokea mkasa unaojulikana sana. Callas alikuwa akiimba Brünnhilde katika Die Walküre ya Wagner, kwa Kiitaliano kama ilivyokuwa desturi ya Italia. Ni sehemu inayotaka sauti nzito ya kushindana na okestra kubwa. Mwimbaji aliyepangiwa kuimba Elvira katika I puritani ya Bellini aliugua, na Serafin akamtaka Callas ashike nafasi hiyo. Elvira hutaka sauti nyepesi, inayopanda na kushuka kwa wepesi katika mapambo ya noti. Callas alijifunza sehemu hiyo huku bado akiimba Wagner, na tarehe 19 Januari akapanda jukwaani. Si kawaida mwimbaji mmoja kuziweza kazi hizo mbili katika maisha yake yote, sembuse katika mwezi mmoja.

Mkasa huu husimuliwa kama muujiza wa koo. Matokeo yake ya kihistoria ni makubwa kuliko hayo. Opera za Bellini, Donizetti na Cherubini zilikuwa ama zimesahauliwa ama zimeachiwa sauti ndogo tamu zilizozigeuza maonyesho ya ufundi wa noti. Callas alizirudishia uzito. Katika koo lake mapambo yale hayakuwa tena urembo, bali kilio, kicheko, wazimu au hasira. Zilizofuata katika miaka kumi baadaye, pamoja na ufufuaji wa kazi nyingi za Rossini na Donizetti uliofanywa na waimbaji wengine, zilipitia njia aliyoifyeka yeye.

Hapana budi tuseme pia kwamba sauti yenyewe haikuwa nzuri kwa maana ya kawaida. Ilikuwa kana kwamba imegawanyika sehemu tatu ambazo hazikushonana vyema: ya chini nyeusi, ya kati yenye kitu kama pazia juu yake, ya juu kali na wakati mwingine yenye kutikisika. Walioipenda na walioichukia walisikia kitu kilekile.

Ushahidi ulio bora kwa rai yetu ni Macbeth ya Verdi, iliyofungua msimu wa La Scala, Milan, tarehe 7 Desemba 1952 chini ya uongozi wa Victor de Sabata, na ambayo kanda yake ipo. Lady Macbeth huingia jukwaani akisoma barua ya mumewe, na barua hiyo husomwa tu, haiimbwi. Kwa hiyo tunapata nafasi adimu ya kumsikia Callas akisema jukwaani. Husoma kwa sauti iliyobanwa, bila kupiga makelele, akiyaacha maneno ya mwisho yaning'inie kabla ya okestra kuyapokea. Anapoanza kuimba, msikilizaji hatambui mpaka baina ya usemi na wimbo, maana konsonanti ni zilezile na kiimbo ni kilekile. Verdi mwenyewe aliwahi kuandika kwamba hakutaka Lady Macbeth mwenye sauti tamu. Ile migawanyiko ya sauti iliyowaudhi walimu ikawa hapa nyenzo, kila sehemu ya koo ikibeba nia tofauti ya mhusika.

Katika miezi hiyohiyo aliimba Norma mjini London, Novemba 1952, na Medea ya Cherubini mjini Florence, Mei 1953. Mwezi Agosti 1953 alirekodi Tosca pamoja na Giuseppe di Stefano na Tito Gobbi chini ya de Sabata, rekodi ambayo wengi huihesabu miongoni mwa zilizo bora kabisa za opera. Mwanamke aliyefanya kazi zote hizo alikuwa mnene. Katika vitabu vya picha miaka hii ina kurasa chache: mwanamke mkubwa aliyefunikwa vitambaa vizito, amesimama akitazama mbele. Anayetazama picha hizo bila kusikia kanda atadhani ameona mwimbaji wa kizamani asiyejua kuigiza. Huku ndiko tunakokuita kupotoshwa na picha.

4.0 Milan na wapiga picha

Kati ya 1953 na 1954 Callas alipunguza zaidi ya kilo 30. Watu wa kila aina walitoa maelezo, mengine ya kuchekesha, na hatutayarudia. Mwili ule mpya ulikutana na mwongozaji aliyejua kuutumia, Luchino Visconti, na mpiga picha wa La Scala, Erio Piccagliani, ambaye picha zake ndizo uti wa mgongo wa kila kitabu kuhusu Callas. Visconti aliongoza La vestale mwezi Desemba 1954, La sonnambula na La traviata mwaka 1955, kisha Anna Bolena na Iphigénie en Tauride mwaka 1957.

La traviata ya tarehe 28 Mei 1955, chini ya Carlo Maria Giulini, ndiyo iliyobadili mambo. Visconti na msanifu Lila de Nobili waliihamishia hadithi mwishoni mwa karne ya 19 ili gauni za wakati huo zimfae Callas. Katika tendo la kwanza, wageni wakisha kuondoka, Violetta alivirusha viatu vyake. Katika tendo la mwisho alikufa amevaa koti na kofia, tayari kwa safari, macho yakiwa wazi. Baadhi ya watazamaji walikasirika, na di Stefano, aliyeimba Alfredo, aliacha baada ya usiku wa kwanza. Picha za Piccagliani za usiku huo ni nzuri sana, hilo hatulikani. Lakini anayesikiliza kanda iliyosalia hutambua kwamba viatu na kofia vilikuwa maelezo ya pembeni ya jambo lililokuwa likitendeka katika koo: sauti inayonyimwa pumzi kidogo kidogo, irabu zinazofifia, hadi neno la mwisho linapotamkwa na mtu ambaye kweli hana nguvu ya kutamka.

Kuna picha nyingine ambayo kwa bahati mbaya inajulikana kuliko zote za Piccagliani. Mwezi Novemba 1955 mjini Chicago, Callas alipokuwa akitoka jukwaani baada ya Madama Butterfly, maofisa walimkabidhi hati za mashtaka ya mtu aliyedai kuwa alikuwa wakala wake. Mpiga picha wa magazeti alimnasa akiwa bado na kimono na rangi za usoni, mdomo wazi, akimkemea ofisa. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima, na tangu siku hiyo magazeti yalimwita chui jike. Msomaji aizingatie ajabu hii: amevaa maleba, yuko katika jengo la opera, uso wake ni wa mwigizaji, lakini haigizi. Picha mgando haina njia ya kutuonyesha tofauti hiyo.

Tarehe 2 Januari 1958 mjini Roma aliacha kuimba Norma baada ya tendo la kwanza kwa sababu ya maradhi ya koo, Rais wa Italia akiwa ukumbini. Kulikuwa na ghadhabu nchi nzima, na hakuwepo mwimbaji wa akiba. Alipoirudia Anna Bolena La Scala mwezi Aprili, ukumbi ulimpokea kwa ubaridi. Mwishoni mwa tendo la kwanza malkia Anna huambiwa kwamba kesi yake itaamuliwa na mahakimu, naye hushangaa kwamba malkia anaweza kuhukumiwa. Callas alisogea mbele kabisa ya jukwaa na kuyaelekeza maneno hayo kwa watazamaji. Kila mtu alielewa mahakimu walikuwa nani. Ukumbi ulilipuka kwa makofi.

Mwezi uliofuata alifanya jambo la kiisimu zaidi. Uhusiano wake na Antonio Ghiringhelli, mkuu wa La Scala, ulikuwa umeharibika, na Il pirata ya Bellini ilikuwa kazi yake ya mwisho hapo kwa wakati ule. Katika tukio la mwisho, mhusika aliyerukwa na akili analiona jukwaa la kunyongea ambalo mpenzi wake atauawa juu yake. Kwa Kiitaliano jukwaa hilo huitwa palco, na neno hilohilo lina maana ya chumba cha watazamaji wa heshima katika ukumbi wa opera. Usiku wa mwisho Callas alipolifikia neno hilo aliunyosha mkono kwenye palco ya Ghiringhelli. Wanafunzi wetu wa semantiki huombwa mifano ya neno lenye maana mbili zinazofanya kazi kwa wakati mmoja katika muktadha mmoja. Huu hapa, tena umeimbwa. Picha ya mkono ule ulionyooshwa, bila neno, isingetuambia lolote.

5.0 Baada ya La Scala

Miaka iliyofuata imeandikwa mno kwingineko. Mwaka 1959 alitengana na Meneghini na kuanza uhusiano na Aristotle Onassis, ambaye mwaka 1968 alimwoa Jacqueline Kennedy. Maonyesho yake yalipungua sana. Aliimba Norma huko Epidaurus mwaka 1960 na Medea mwaka 1961, akarejea Milan kwa Medea, na mwaka 1964 aliimba Tosca iliyoongozwa na Franco Zeffirelli katika jumba la Covent Garden, London. Sauti ilikuwa imechakaa. Wapo wanaosema ni kwa sababu ya kupunguza mwili, wapo wanaosema ni kwa sababu ya Wagner na Bellini kuingia koo moja mapema mno. Sisi tunaegemea maelezo ya pili, kwa kuwa dalili za kutikisika kwa noti za juu zinasikika tayari katika kanda za kabla ya 1953. Hata hivyo tendo la Tosca la 1964, lililohifadhiwa katika filamu, linaonyesha kwamba koo lilipokataa, neno halikukataa. Mwezi Mei 1965 mjini Paris alishindwa kumaliza Norma, sehemu aliyokuwa ameiimba jukwaani karibu mara 90. Tarehe 5 Julai mwaka huohuo aliimba Tosca London mara moja tu badala ya mara nne zilizopangwa, na hakupanda tena jukwaa la opera kuimba. Alikuwa na umri wa miaka 41.

Mwaka 1969 Pier Paolo Pasolini alimtumia katika filamu yake ya Medea, ambamo haimbi na husema kwa nadra. Kwa mpenzi wa picha, filamu hiyo ni hazina. Mwandishi wa makala hii ameiona akabaki na njaa.

Kazi ya maana zaidi ya miaka hiyo ilifanyika darasani. Kati ya Oktoba 1971 na Machi 1972 alifundisha vijana waimbaji katika chuo cha Juilliard, New York, mbele ya hadhira, na vipindi vyote vilirekodiwa. Hakuwafundisha kuinua mikono. Aliwasimamisha kwenye resitativo, akawauliza maana ya neno, akawarudisha kwenye konsonanti waliyoiacha, akawaimbia mstari ili wasikie kituo kiko wapi. Yaliyotoka kwa Serafin mwaka 1947 yalikuwa yakipitishwa kwa wengine.

Miaka ya 1973 na 1974 alizunguka Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Mashariki ya Mbali pamoja na di Stefano, akiimba kwa piano tu, na mara ya mwisho kabisa ilikuwa Sapporo, Japani, tarehe 11 Novemba 1974. Alifariki Paris tarehe 16 Septemba 1977 kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 53. Majivu yake yalitawanywa katika Bahari ya Aegean mwaka 1979.

Ardoin, mmoja wa waandishi wa kile kitabu cha picha cha 1974, alirudi kwenye kanda za Juilliard na mwaka 1987 akachapisha kitabu cha pili. Humo amezifuata opera mstari kwa mstari, akiweka noti za muziki pamoja na maelekezo ya Callas juu ya kila neno: wapi pa kuvuta pumzi, silabi ipi ipewe uzito, irabu ipi isifunguliwe sana. Wapenzi wa opera wengi wanacho kile cha kwanza. Hiki cha pili hupatikana zaidi kwa walimu wa kuimba, na kinafaa pia kuwekwa katika maktaba za idara zinazofundisha fonolojia.